Shamba la Mama, Muheza

Ijumaa, saa 1 usiku

Salum: Assalam aleikum familia, shikamooni wakubwa. Ramani hiyo hapo juu, nimechora kwa penseli msinicheke. Eka moja yote, kama mita 64 kwa 64. Juu barabara, chini bondeni.

Mjomba Hemedi: Marahaba. Hilo duara la katikati ni bwawa la samaki?

Salum: Hapana Mjomba, ni nyumba.

Dada Zuhura: 😂😂😂

Mjomba Hemedi: Basi bwawa liko wapi

Dada Zuhura: Salum hiyo permakalcha ndo nini hasa, nieleze kwa maneno ya watu. Niko kwenye basi natoka kazini, Muscat leo hakukaliki kwa joto.

Salum: Ni kupanga shamba ili kila kitu kimfae mwenzake. Maji ya kuogea yananywesha migomba, kuku anatoa mbolea, mti unatoa kivuli na majani ya kufunika udongo. Jina walilitoa Waaustralia wawili, Mollison na Holmgren, miaka ya 1970. Mimi ninachotaka ni Mama ale cha shambani kwake, gulioni aende kwa kupenda.

Mjomba Hemedi: Kujitegemea. Tuliyaandamania hayo 1967, leo mnaletewa kwenye simu.

Kaka Athumani: Swali langu moja tu. Maji? Mwaka jana tulipanda michungwa 40 mwezi wa Januari, imebaki mingapi?

Salum: 6

Kaka Athumani: 4. Mbuzi wa jirani amekula miwili Jumapili.

Salum: Ndo maana naanza na maji Kaka. Bati letu ni mita 8 kwa 10. Mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Ikinyesha milimita 20 tu, juu ya bati zinashuka lita 1,600. Sasa hivi zote zinachimba korongo kwenda kwa watu. Tuweke gata na tanki la lita 5,000.

Kaka Athumani: Subiri. Hapo nyumbani watu wanne, ndoo 8 kwa siku, na hujafua. Lita 160. Tanki lako linakauka baada ya siku 31. Januari na Februari ni siku 59, na jua lake unalijua. Yanatakiwa mawili.

Dada Zuhura: La pili nalibeba mimi. Ila msinitumie tena picha ya fundi amesimama, nitumieni risiti.

Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti (3:08)

Dada Zuhura: Kuna kelele huku sisikii. Mama kasemaje?

Kaka Athumani: Kwa ufupi: anauliza bustani nani kaiweka bondeni. Goti lake litashuka na kupanda mara ngapi kwa fungu la mchicha? Mchicha, matembele, nyanya, pilipili na mchaichai anavitaka hatua kumi kutoka mlango wa jikoni. Mbaazi na kisamvu nyuma ya hapo. Mihogo na mahindi ndo yaende mbali. Na banda la kuku lisiwe upande wa dirisha lake.

Kaka Athumani: Dakika moja nzima ya mwisho ni ya mbuzi wa jirani, hiyo siandiki.

Salum: Mama umeniwahi! Wataalamu wanaziita kanda. Unachokigusa kila siku kiwe mlangoni, cha mara moja kwa mwezi kiwe mpakani.

Mama: mimi naita goti

Salum: Narekebisha ramani. Maji ya bafuni yatoke kwa bomba mpaka kwenye shimo, upana mita 2 kina 1, tunalijaza majani na takataka zinazooza, migomba na mipapai tunaizungushia ukingoni. Mama maji yenye dawa ya madoa tu usimwage huko.

Mjomba Hemedi: Na huo mteremko? Mvua ya masika itahamisha mbolea yenu yote bondeni. Nimekaa Lushoto miaka, sikilizeni mzee. Chimbeni mtaro ukate mteremko, udongo mtupe upande wa JUU, ndo maana ikaitwa fanya juu. Kwenye tuta pandeni majani ya guatemala. Yanashika udongo na mbuzi wanakula.

Salum: Hilo la guatemala sikuwa nalo Mjomba, asante. Mstari wa mtaro uende sawa bila kuinama, tutaupima kwa fremu A, miti miwili ya mita 2, mtambuka katikati, kamba na jiwe.

Mjomba Hemedi: Jiwe ninalo.

Kaka Athumani: Matandazo msiyasukume mpaka shinani. Acheni kiganja kimoja. Mchwa wa Muheza hawana dini.

Dada Zuhura: Sasa nini kitaingiza hela? Chumvi na sabuni hazioti.

Salum: Pilipili manga. Inapanda juu ya michungwa ile mitatu ya zamani, hailipi kodi ya ardhi 😄 Ila mpaka mwaka wa 3 hivi. Chini yake tangawizi. Kuku tuanze na 10 wa kienyeji, chanjo ya kideri kila miezi mitatu, lile tone la jichoni.

Mjomba Hemedi: Na ng'ombe mmoja wa maziwa

Kaka Athumani: Mjomba huyo anakunywa kuliko nyumba nzima. Tumetoka kuhesabu ndoo sasa hivi.

Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:41)

Kaka Athumani: Anauliza nazi.

Salum: Nazi zipo Mama! Minazi 6. Tuseme kila mmoja nazi 50 kwa mwaka, ni 300.

Mama: nazi navunja mbili kwa siku. hizo zako zinanifikisha mwisho wa mwezi wa tano

Dada Zuhura: 😂 Salum umeshikwa

Mama: na mnazi mrefu ukipandwa leo unazaa baada ya miaka sita saba nane. mimi nina 63 mwanangu

Salum: Tupande mifupi minne, hiyo miaka 3 au 4 inaanza. Na mirefu sita kwa ajili ya wajukuu. Hapo katikati tunanunua nazi, hakuna namna.

Mama: na mchele

Salum: Na mchele. Na sukari, ngano, chumvi, sabuni. Sijasema tufunge geti.

Dada Zuhura: Afadhali umesema. Mimi nilidhani Mama atanyimwa maandazi.

Mjomba Hemedi: Ujumbe huu ulifutwa

Kaka Athumani: Nimeuona Mjomba. Bwawa hapana.

Mjomba Hemedi: Dogo tu. Pale bondeni maji yanatuama yenyewe

Salum: Kwa kweli pale masika yote pana tope. Mjomba hapo pana hoja, ila tupaangalie msimu mmoja kwanza, tuone maji yanakaa wiki ngapi. Kwa sasa magimbi.

Mjomba Hemedi: Magimbi huku nikiangalia maji. Sawa.

Kaka Athumani: Mpango basi: gata na tanki la kwanza kabla ya vuli, halafu mitaro. Bustani ya jikoni Mama aichore mwenyewe kwa majivu. Michungwa hainunuliwi hata mmoja mpaka ua usimame.

Mama: jumamosi mje asubuhi kabla jua halijapanda. salum lete kamba. hemedi njoo na jembe lako, la hapa ulilivunja

Mjomba Hemedi: Mpini ulikuwa na mchwa dada

Mama: njoo na lako