Naomba ushauri: nifanyeje nitoke mapema ndege ikishatua?

MguuNjiani (mtoa mada)
Wanajamvi, nawasalimu nyote. Mwezi ujao nitasafiri kwa ndege yenye njia moja ya katikati, na kiti nilichopangiwa kipo safu ya 27, karibu na mkia. Naomba kujua jambo moja tu: je, kuna ubaya gani abiria akifungua mkanda mara ndege inapomaliza mbio za kutua, akachukua mzigo wake na kusogea mbele kabla njia haijajaa watu? Wapo wanaosema ni utovu wa adabu, wapo wanaosema ni hatari, na wapo wanaosimama wao wenyewe kisha wakawakunjia uso wenzao waliosimama. Jambo hili linaninyima usingizi, ingawa najua wengine mtaliona dogo. Sitaki ugomvi na mtu, wala sitaki kukemewa na wahudumu mbele ya watu. Tafadhali msinitanie sana.

Pilipili Manga
Umeomba tusikutanie sana, basi nitakutania kidogo. Magurudumu yakigusa lami, abiria huinuka kama kuku waliosikia mtama ukimwagwa, kisha hukaa robo saa wamepinda shingo chini ya makabati ya mizigo, mmoja akimpumulia mwenzake kisogoni, na begi la mgongoni la wa tatu likiwa puani mwa yule aliyebaki ameketi. Mlango wenyewe bado umefungwa. Mimi hukaa dirishani nikawatazama, na naona hapo ndipo nauli yangu inaporudi.

Shangazi wa Wote
Mwanangu, subira haijamwangusha mtu. Safari moja kijana aliyekuwa mbele yangu alifungua kabati ndege ikiwa bado inatembea kuelekea maegeshoni, rubani akakanyaga breki, na sanduku dogo lenye magurudumu likamshukia begani bwana mmoja aliyekuwa amejikalia kimya akifunga kamba za viatu. Kijana aliomba radhi, lakini wakati anaomba radhi mkono wake wa pili ulikuwa bado unavuta begi lingine. Vijana wa leo mnaombana radhi huku mkiendelea na yale yale. Keti, mwanangu, ushuke zamu yako ikifika.

Fundi Mitambo
Nimefanya kazi kwa miaka mingi upande wa chini, yaani pale ndege inapopokelewa, kwa hiyo niruhusuni nieleze kinachosubiriwa. Ndege ikiegeshwa, injini huzimwa, kisha huzimwa taa nyekundu inayomulika kwa nje ili watu wa chini wajue kwamba sasa wanaweza kusogea; magurudumu huwekewa vizuizi, daraja au ngazi husogezwa, na wahudumu huiondoa milango katika hali ya dharura, kwa sababu mlango ukifunguliwa kabla ya hapo mtelezo wa dharura hufyatuka na kujaa hewa kwa sekunde chache tu. Hakuna hata hatua moja kati ya hizo inayoharakishwa na mtu aliyesimama. Baada ya mlango kufunguliwa, watu mia na themanini hupita katika njia moja ambayo watu wawili hawawezi kupishana bila mmoja kuingia katikati ya viti. Kwa hiyo wa safu ya 27 atashuka baada ya wa safu ya 26, asimame asisimame. Swali langu ni hili, mtoa mada: una haraka ya nini? Unaunganisha ndege nyingine?

Mzee wa Dirishani
Nawatetea wanaosimama. Mimi ni mrefu, na baada ya saa sita magoti yangu yakiwa yamebanwa na kiti cha mbele, taa ya mkanda ikizimwa husimama kwa sababu mwili umechoka, wala simpiti mtu. Anayesimama ili ajinyooshe na anayesimama ili apenye ni watu wawili tofauti. Ila nikiwaona wanavyopigania mabegi hukumbuka yaliyotokea Haneda, Japani, tarehe 2 Januari 2024, pale ndege ya Japan Airlines ilipogongana na ndege ya walinzi wa pwani na kushika moto. Watu wote 379 waliokuwa ndani ya ile kubwa walitoka hai, wakaacha mizigo yao ikiteketea, ingawa katika ile ndogo walifariki watano kati ya sita. Huwa najiuliza hawa wanaovutana na masanduku ndege ikiwa salama wangefanya nini siku ile.

MguuNjiani (mtoa mada)
Nawashukuru. Ndugu Fundi, ni kweli nina ndege ya pili, na kati ya kutua kwa ya kwanza na kuondoka kwa ya pili kuna dakika 95. Naona zinatosha iwapo sitakwama nyuma ya watu. Nimekwisha kupanga: ndege ikitoka katika njia ya kurukia, nitatembea taratibu hadi safu ya 3, nitachukua begi lililo juu yake na kusubiri pale pale. Sitamsukuma mtu yeyote. Ninachouliza ni kama kuna kanuni inayokataza.

Wakili Mstaafu
Kanuni ipo. Mkataba wa Tokyo wa mwaka 1963 unampa rubani mkuu mamlaka juu ya waliomo ndani tangu milango yote ya nje inapofungwa baada ya watu kupanda hadi mlango mmojawapo unapofunguliwa ili washuke, maana yake ni kwamba unapotembea kutoka safu ya 27 bado uko chini ya amri yake, na taa ya mkanda inayowaka ni sehemu ya amri hiyo. Mwaka 2025 mamlaka ya usafiri wa anga ya Uturuki ilikwenda mbali zaidi na kuagiza abiria watangaziwe kwamba atakayesimama kabla ndege haijatulia, atakayefungua makabati mapema au atakayewapita walio mbele yake ataripotiwa na kutozwa faini. Angalieni kwamba hata kuwapita wenzako kumetajwa. Katika utumishi wangu niliwahi kushughulikia shauri la abiria aliyevunjika kidole kwa mlango wa kabati, nami ningeweza kulieleza kwa kirefu, lakini naona leo siyo siku yake.

Bi Maswali
Mtoa mada, mtu mwenye dakika 95 na begi moja huwa na wasiwasi, lakini hakosi usingizi mwezi mzima. Halafu begi lako linafanya nini safu ya 3 nawe umekaa safu ya 27? Unasafiri na nani?

MguuNjiani (mtoa mada)
Sikutaka kuwachosha kwa mambo ya familia. Nasafiri na mama yangu. Ana umri wa miaka 74, anatembea lakini polepole, na ngazi zinamshinda. Nilimlipia kiti cha mbele ili apate nafasi ya kunyoosha miguu, nami nikabaki na kiti cha nyuma kisicho na malipo ya ziada. Begi la safu ya 3 ni lake, lina dawa zake. Nilikuwa nimemwombea kiti cha magurudumu, nikakifuta baada ya kuambiwa kwamba abiria wa viti hivyo hushuka mwisho. Nikiwahi kufika mbele nitamshika mkono, na tutakuwa watu wa kwanza kutoka. Naomba msilaumu kabla ya kufikiri. Mama mwenyewe hakitaki kiti hicho, anasema ni cha wagonjwa.

Shangazi wa Wote
Subhana! Mwanangu, mtu ametuuliza habari za kusimama, kumbe anataka kumkimbiza mama yake!

Fundi Mitambo
Hesabu yako ina kasoro mahali pamoja. Ni kweli kwamba anayesubiri kiti cha magurudumu huombwa kwa kawaida akae hadi wengine washuke. Lakini akishavuka mlango, katika viwanja vingi msukumaji humpitisha kwa lifti na kwenye foleni maalumu za usalama na za pasipoti, na anayefuatana naye hupita hapo hapo. Robo saa mtakayoipoteza ndani ya ndege mnaweza kuirudisha kwenye foleni moja tu ya pasipoti. Mashirika hutumia alama tatu: WCHR kwa anayemudu ngazi lakini hamudu mwendo mrefu, WCHS kwa asiyemudu ngazi, na WCHC kwa asiyeweza kutembea kabisa, ambaye huletewa kiti chembamba hadi safu aliyoketi. Mama yako ni wa WCHS. Ukiandika WCHR na ndege ikaegeshwa mbali na jengo, ataletewa ngazi na basi, nawe utashika mkono wake juu ya ngazi huku watu mia wakisubiri nyuma yenu. Omba upya, angalau saa 48 kabla ya safari.

Kalamu Nyekundu
Samahani kwa kuvuruga, lakini mimi siamini habari hii. Katika ujumbe wa kwanza huyu bwana alikuwa peke yake na "mzigo wake". Katika wa pili mzigo ukahamia safu ya 3. Katika wa tatu akatokea mama, dawa na kiti cha magurudumu. Tukiuliza tena, sitashangaa tukisikia kuna mtoto mchanga. Zipo kurasa nyingi zinazobuni mikasa ya namna hii ili kukusanya maoni ya watu, na mkasa wa abiria wanaosimama haujawahi kukosa wachangiaji. Kama ni kweli, aweke picha ya pasi za kupandia ndege.

Pilipili Manga
Nami nilianza kushuku pale aliposema "taratibu hadi safu ya 3". Binadamu aliyetembea taratibu kutoka safu ya 27 ndege ikiwa bado inatembea na wahudumu wakimwangalia hajazaliwa.

Mzee wa Dirishani
Mimi naamini. Mtunzi wa hadithi angetaja mama mapema ili tumwonee huruma.

Fundi Mitambo
Asiweke picha yoyote. Pasi ina alama ya kusomwa na mashine na namba ya tiketi, na mwenye jina na namba hiyo anaweza kuingia katika safari yako, akahamisha viti au akaifuta kabisa. Badala ya picha, ajibu swali moja ambalo mtunzi hangefikiria kulijibu. Mizigo mikubwa itapokelewa wapi? Je, inakwenda moja kwa moja hadi mwisho wa safari?

MguuNjiani (mtoa mada)
Imeniuma kuitwa mwongo, Kalamu, lakini sitabishana nawe. Ndugu Fundi, tiketi ni mbili, za mashirika mawili. Nilizinunua mbalimbali kwa sababu kwa pamoja zilikuwa ghali zaidi, na sioni kosa katika hilo, kwani kila mtu hutafuta unafuu. Tuna masanduku mawili. Tutayachukua kwenye mkanda wa mizigo na kuyapeleka kaunta ya shirika la pili. Kwa hiyo mnaona kwa nini kila dakika ina thamani.

Wakili Mstaafu
Sasa ndiyo tumefika. Kwa tiketi mbili zisizounganishwa, shirika la kwanza linawafikisha pale mnapotua na wajibu wake unaishia hapo, na shirika la pili litawahesabu kuwa hamkufika tu. Vilevile, kwa kuwa mnatoka kuchukua mizigo, huenda mkalazimika kuingia rasmi katika nchi hiyo, kwa hiyo angalieni kama mnahitaji viza. Na kwa kuwa mpango wako ni kumwinua mama mapema, jua kwamba Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unalitaka shirika limfidie abiria aliyeumizwa na ajali ndani ya ndege au wakati wa kupanda na kushuka, lakini fidia hiyo inaweza kupunguzwa au kuondolewa kabisa ikiwa uzembe wa mwenyewe umechangia. Mama akianguka amesimama huku taa ya mkanda ikiwaka, hilo ndilo la kwanza litakaloulizwa.

Fundi Mitambo
Tena kaunta nyingi za safari za kimataifa hufunga kupokea mizigo dakika 60 au 45 kabla ya kuondoka. Ikiwa yenu hufunga 60, katika zile dakika 95 mna 35 tu za kuegeshwa, kushuka, kupita pasipoti, kusubiri masanduku na kutembea hadi kaunta. Masanduku hayo yako tumboni mwa ndege, nayo hayatajua kwamba nyinyi mlishuka wa kwanza. Hata ungeketi mapajani mwa rubani, bado ungeyasubiri.

Bi Maswali
Kwa hiyo swali la kusimama halikuwa swali. Mtoa mada, tiketi ya pili inaweza kusogezwa?

MguuNjiani (mtoa mada)
Inaweza, kwa malipo. Sikupenda kuyalipa kwa kuwa nilikwisha kulipia kiti cha mama, na bado naamini kwamba mtu mwepesi angewahi. Hata hivyo nimepiga simu leo asubuhi. Wamekirudisha kiti cha magurudumu, nami nimesisitiza WCHS kama ulivyosema, ndugu Fundi. Shirika la pili lina ndege nyingine inayoondoka saa tano baada ya ile tuliyokatia tiketi, ina nafasi mbili, lakini haziko pamoja. Nina hadi kesho kuamua.

Shangazi wa Wote
Na mama umemwambia kuhusu kiti?

MguuNjiani (mtoa mada)
Shikamoo, shangazi. Bado sijamwambia.

Fundi Mitambo
Chukua hiyo ya saa tano. Dawa zitoke kwenye kabati na zikae katika mkoba mdogo chini ya kiti cha mbele yake; kama safu yake haina kiti mbele, akae nao mapajani baada ya kuruka na amwombe mhudumu amtunzie karibu wakati wa kutua. Wewe baki safu ya 27 hadi njia iwe tupu, kwa kuwa mama atakuwa bado ameketi pale mbele akisubiri msukumaji, na utamkuta hapo.