Naomba ushauri: maonyesho 12 ya jukwaani na tamthilia moja kwa mwaka

Habari zenu wadau. Lengo ni kutazama onyesho moja la jukwaani kila mwezi, na kufikia Desemba niwe nimeandika tamthilia fupi ya tendo moja: wahusika 4, kurasa 30 hivi. Ukurasa wa majibizano hula kama dakika moja, kwa hiyo ni nusu saa.

Kikwazo ni daftari. Ukiandika gizani unakosa jukwaa, na mwanga wa simu unawakera majirani (wana haki). Ukisubiri hadi nyumbani unabaki na hadithi tu. Nani aliingia upande gani, taa zilizimwa kwenye neno lipi, yote yameshayeyuka. Je, bora kurudi kwenye onyesho lilelile, mara ya kwanza kwa hadithi, ya pili kwa ufundi, hata idadi ikishuka hadi 6?

Halafu rasimu. Wahusika wanaelezana wanayoyajua wote ili mtazamaji aelewe: "Kama ujuavyo, dada yetu aliolewa Tanga." Mnalipenyezaje hilo kwenye kitendo, labda begi mlangoni au barua isiyofunguliwa? Na mwigizaji anayebadili vazi nyuma ya pazia, mnawapa wenzake jukwaani mistari mingapi ili apate muda?