Tupeane uzoefu: umeshika karata nzito kwenye poka, ni wakati gani unasukuma vyote?

Ndugu zangu wapenzi wa poka, naomba tuelezane ni wakati gani hasa mtu aliyeshika karata nzito anapaswa kusukuma vyote mezani, yaani kuweka dau la kila alichobakiwa nacho, kwa sababu mimi nimeumia kwa kuchelewa, wala si kwa pupa. Hapa Kisasa, Dodoma, tunacheza Jumamosi jioni kwa vizibo vya soda, na anayeishiwa kwanza ndiye anayelipia mishikaki. Wiki iliyopita nilipewa ree (karata ya A) ya shupaza na ree ya uru, yaani jozi ya ree, ambayo mtu huipata takriban mara moja katika migao 221, nikajifanya mnyonge na kufuata dau bila kupandisha ili wenzangu wasikimbie. Wakaingia wanne. Zilipofunuliwa karata za katikati, ambazo ni za wote, nane, tisa na kumi, nikasukuma vizibo vyote, na jirani yangu akalaza chini ghulamu na saba: karata tano zinazofuatana, ambazo huishinda jozi. Dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote, ree mbili hushinda takriban asilimia 85. Dhidi ya wanne hushuka hadi kama asilimia 56, na wale wanne niliwakaribisha mwenyewe. Naamini mwenye ghulamu na saba angetupa karata zake mapema laiti ningepandisha.

Jibu kutoka Kondoa:
Pole sana, kaka. Kwangu ilikuwa kinyume. Nilishika wafalme wawili, na mbele yangu ameketi mzee mmoja ambaye tangu tuanze alikuwa akitupa tu. Nilipandisha, akapandisha juu yangu. Nikapandisha tena, naye, bila hata kuzichungulia karata zake mara ya pili, akasogeza vyote. Nikajiambia kwamba mpinzani mmoja kuwa na ree mbili wakati mimi nina wafalme ni nadra, karibu mara moja katika 200, nikafuata. Alikuwa nazo. Hesabu hiyo inamfaa mtu nisiyemjua; mzee huyu nilikuwa nimemtazama kwa saa mbili, na nilipaswa kumwamini.

Jibu kutoka Nkuhungu:
Mimi kwanza huangalia vimebaki vingapi. Nikibakiwa na vizibo kumi na dau la lazima likiwa viwili, hata jozi ya tisa naisukuma kabla karata za katikati hazijafunuliwa, maana kusubiri ree kunanimaliza kidogo kidogo. Nikiwa na mia mbili, jozi hiyo hiyo naicheza taratibu, na ikitokea karata kubwa mezani huku mtu akipandisha, naitupa.