Dakika 15 za kuwaonyesha walimu amadinda: nianzie wapi?

Mwalimu wa Muziki, Mukono
Habari zenu walimu. Kwenye semina ya likizo nimepewa dakika 15 kuonyesha namna ya kufundisha darasani amadinda, ile ala ya mbao ya Buganda inayopigwa kwa vijiti na watu watatu. Watakuwepo walimu kama 30, wengi wao wa kinanda na kwaya. Ala ni moja tu, na umeme hauna uhakika. Nimepanga kueleza historia yake katika ikulu ya Kabaka (mfalme wa Buganda), majina ya sehemu, kisha wimbo mmoja. Muda utatosha? Na watu 30 watashikaje ala moja?

Omunazi
Hautatosha, mwalimu. Historia waandikie kwenye karatasi, waende nayo nyumbani. Dakika 15 zinabeba jambo moja, na hapa jambo lenyewe ni jinsi mapigo ya omunazi (mpigaji wa kwanza) na omwawuzi (wa pili) yanavyofumana.

Wagawe makundi mawili, wapige madawati. Ubaoni andika namba za mbao, 1 ikiwa ile yenye sauti nzito kuliko zote:

Omunazi: 3 2 1 2
Omwawuzi: 1 4 5 4

Kundi la kwanza lipige huku likitamka namba zake, pigo moja kwa sekunde. Likishatulia, la pili lipenyeze mapigo yake katikati kabisa ya kila nafasi. Kinachosikika ni 3 1 2 4 1 5 2 4, sauti ambayo hakuna kundi linaloipiga peke yake. Hapo sasa waite watatu kwenye ala. Wawili wa kwanza wanapiga kwa oktava: penye 3, mkono mmoja unapiga 3 na mwingine 8 kwa pamoja. Omukoonezi, mpigaji wa tatu, ana mbao mbili za juu tu, 11 na 12. Kila inapotokea 1, kwa yeyote kati ya wenzake, anapiga 11. Ikitokea 2, anapiga 12. Wengine waendelee na madawati.

Waambie wazi kwamba hili ni zoezi, si wimbo wa jadi.

Litakaloharibika ni hili: kundi la pili litachelewa na mdundo utachechemea, kwa sababu linasubiri kusikia pigo la wenzake ndipo lijibu. Msiongeze kasi. Simamisha, wote watamke "ta-ka ta-ka" kwa nafasi sawa, kisha "ta" wapewe hawa na "ka" wale. Tenga dakika 9 au 10 kwa kazi hii pekee.

Fundi wa Lusambya
Nyongeza kuhusu ala. Mbao 12 zinalala juu ya vigogo viwili vya mgomba. Kigogo kikikauka kinasinyaa, vijiti vinavyotenganisha mbao vinalegea, mbao zinasogea na kugongana. Kata vigogo vibichi siku moja kabla. Wapigaji wapige kwenye ncha za mbao, omunazi upande mmoja, wenzake wawili upande wa pili. Wageni hupenda kupiga katikati na vijiti vya kupigia vinagongana.

Tafadhali usiruhusu kinanda kiisindikize. Oktava ya amadinda imegawanywa katika nafasi tano zinazokaribiana kwa ukubwa, kila moja kama senti 240 (senti ni kipimo cha umbali kati ya sauti; oktava nzima ni 1200). Vitufe vyeusi vya kinanda vina nafasi za senti 200 na 300. Ukivichanganya, mwalimu wa kwaya atasema amadinda imeharibika, na atatoka na fikra hiyo. Akiuliza kwa nini hazilingani, kubali swali hilo. Lina thamani kuliko slaidi yoyote.

Mama Kwaya, Jinja
Naunga mkono. Ila semina bila ufuatiliaji hupotea. Dakika 2 za mwisho, kila mwalimu aandike darasa gani atalijaribia zoezi hilo na wiki gani, kisha wajipange wawili wawili kutoka shule za karibu. Baada ya wiki mbili kila mmoja atume sauti ya sekunde 30 kwenye kundi la WhatsApp, wanafunzi wakipiga, asijirekodi akieleza. Mtaala wa sekondari ya chini wa Uganda ulioanza 2020 unadai mwanafunzi atende, kwa hiyo rekodi hiyo itamsaidia pia kwenye tathmini. Mwenzake asikilize kitu kimoja tu: je, nafasi kati ya mapigo ni sawa?