Mdogo wangu kazolewa kwenye msako wa ufuoni, tumelipa bila risiti. Tuanzie wapi? (Malindi)

BintiMaweni
Hamjambo nyote. Naomba ushauri, na wenye kejeli wapite mbali.

Niko Malindi, karibu na njia ya mchanga inayoteremka ufuoni. Taa nyingi za njia hiyo zimekufa tangu kabla ya msimu, na giza likiingia watu wananyang'anywa mikoba. Tulipoibiwa wenyeji tukaambiwa "tutafuatilia". Juzi kaibiwa mgeni, na usiku huohuo karandinga likashuka pwani na kuzoa kila kijana aliyeonekana. Mdogo wangu anauza vinyago na kutafutia boti za sakafu ya kioo wateja. Walimkuta anafunga kibanda, wakamchukua na gunia lake la vinyago.

Kalala korokoroni. Asubuhi tukaambiwa tulete elfu tano za dhamana. Askari mmoja akaniandikia namba ya simu kwenye kipande cha pakiti ya sigara, nikatuma kwa M-Pesa, likatokea jina la mwanamke nisiyemjua. Karatasi sikupewa. Kijana akatoka, lakini anatakiwa apite kituoni kila Jumatatu, na kosa lake hajaambiwa mpaka leo. Hoteli moja nayo imemkataza kuleta wageni mpaka asafike jina.

Pesa zinarudi? Jina linasafishwaje? Na hizo taa ni za nani? Polisi wanasema kaunti, ofisi ya wadi wanasema usalama ni kazi ya polisi. Mji wenyewe mdogo, hao askari tunanunua samaki soko moja. Sitaki ugomvi.

KahawaChungu
Elfu tano imekwenda hiyo, dada. Chai ya msimu. Shukuru katoka na meno yake yote.

MzeeWaKorti
Kahawa, usimvunje moyo. Binti, dhamana si ada ya kutolewa seli. Ni amana: inatolewa risiti, na kesi ikiisha au isipofunguliwa, inarudi kwa mwenyewe. Tena mtu anaweza kuachiliwa kwa kujidhamini mwenyewe bila kutoa hata shilingi.

Soma Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010. Aliyeshikwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, labda ziishie siku ambayo korti haikai. Na kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, halimweki mtu rumande.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Kila anayeingizwa seli huandikwa kwenye kile kitabu: saa, kosa, na askari aliyemleta. Kama mdogo wako hayumo, hiyo Jumatatu ni ya nini? Kama yumo, uliza anashtakiwa kwa kosa gani na lini. Mwone OCS, mkuu wa kituo, mwenyewe, usiishie kwa askari wa kaunta. Nenda asubuhi na mtu mzima anayeheshimika. Usiseme "mlikula pesa zangu". Sema "nimekuja kuchukua risiti yangu", kisha unyamaze umngoje ajibu.

TuktukYaSaba
Mie nitasema lisilopendwa. Pale ufuoni wezi wapo, na vijana wenyewe wanawajua. Polisi nao wanabanwa na wenye hoteli, mgeni akilia simu zinapigwa mpaka juu. Hao vijana wajiunge kwenye kikundi kilichosajiliwa, wavae vitambulisho, waache kulindana.

BintiMaweni
@TuktukYaSaba kitambulisho anacho, kilikuwa shingoni. Na kama wanawajua wezi, mbona walizoa mpaka muuza madafu?

ShelaYaAmu
Pole mwanangu. Sisi wa Amu, yaani Lamu, tuliwekewa kafyu mwaka 2014 baada ya shambulio la Mpeketoni, wavuvi wa usiku wakakaa bila riziki. Nilichokiona wakati ule: akilalamika mmoja huitwa mkorofi, wakienda manahodha wote pamoja huitwa wadau. Wangapi walizolewa usiku ule? Tafuta mama zao. Mwende pamoja, mkiwa na mzee wa mtaa.

WakiliBilaKanzu
Mzee kamaliza mengi. Nyongeza yangu ni huo ujumbe wa M-Pesa: usiufute. Una jina, saa na kiasi, upige picha na uitume kwa mtu mwingine. Kile kipande cha pakiti pia kiweke. OCS akikuzungusha, peleka malalamiko IPOA, ile mamlaka ya kiraia ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Ni bure, na wanapokea hata malalamiko yasiyo na jina.

Jina: kushikwa si kuhukumiwa. Dogo aombe cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, akapigwe alama za vidole, kisha akiweke mezani kwa meneja wa hoteli.

Taa: Jedwali la Nne la Katiba limezitaja taa za barabarani waziwazi kuwa kazi ya kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inawapa wakazi haki ya kupeleka ombi la maandishi. Pelekeni mapema, maana makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Mkichelewa mtasubiri mwaka mwingine gizani.

KahawaChungu
Haya, nimekaa kimya. Ila nguzo zihesabuni kabla ya kuandika. Mkiandika "taa nyingi" watawabadilishia moja wapige picha.

BintiMaweni
Ahsanteni sana. Tumekwenda leo, mimi, ami yangu na mama wawili. Kitabuni mdogo wangu hayumo. OCS kauliza nani alipokea pesa, nikamwonyesha simu. Kaandika lile jina, kasema Jumatatu asije tena, na suala la risiti atalishughulikia. Pesa bado sijaziona, na IPOA sijaifuta akilini.

Nguzo ni kumi na moja, zinawaka tatu. Barua tuipeleke kwa msimamizi wa wadi au moja kwa moja Kilifi?

MzeeWaKorti
Kote kuwili, binti. Na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakisema muhuri hauko, kaeni kwenye benchi mpaka upatikane.