Mafundi wa mashine za soda, acheni kuviringisha karatasi ya sigara kwenye fyuzi!

Wakuu, heshima kwenu. Leo nimekuja nimevurugwa, mnivumilie. Mods, uzi huu msiupeleke jukwaa la vichekesho.

Nina mashine ya kuuza vinywaji, ile unayotumbukiza noti au sarafu, ukibonyeza namba kopo linashuka. Ipo nje ya hosteli ya chuo kimoja hapa Dar. Ni mtumba wa Marekani, niliuziwa na kampuni ambayo jina lake nalihifadhi, ikiwa na ahadi ya "huduma ya mafundi wetu". Hao mafundi ndio walionileta hapa.

Tatizo lilikuwa hivi. Taa zinawaka, kompresa inanguruma, soda za baridi safi kabisa, ila kioo cha namba kimezima na noti haiingii. Ukifungua unakuta fyuzi ya upande wa volti 24 imeungua. Upande huo ndio unaolisha bodi (ile saketi inayoongoza mashine), kisoma noti, kisanduku cha sarafu na mota za kusukuma makopo. Fundi anakuja, anafungua mlango, anachomoa fyuzi, anapachika mpya, mashine inaamka. Anazungusha mota moja baada ya nyingine, zote zinaitika. "Iko poa bosi." Anachukua chake. Mlango unafungwa, na kabla hajafika getini mashine imezima.

Naomba mnisaidie. Fundi mzima, na begi lake mgongoni, unaona kitu kinafanya kazi mlango ukiwa wazi na kinakufa ukifungwa, haikujii hata kuuangalia mlango? Haikujii! Kila safari ni fyuzi mpya na nauli yake.

Walipochoka kuitwa wakaja na suluhisho. Pale penye fyuzi, kwenye bodi yenyewe pameandikwa T4A, yaani ampea 4. Wakaweka ya 10. Nayo ilipokatika wakachukua karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, wakaviringishia fyuzi iliyoungua, wakairudisha. Kweli haikukatika tena. Kilichokatika ni transfoma inayotoa hizo volti 24! Nimefika nakuta harufu ya vanishi iliyoungua, na waya zimeyeyuka plastiki mpaka zimeshikana. Fyuzi ya shilingi mia kadhaa imelindwa kwa gharama ya transfoma ambayo Kariakoo nzima hakuna, mpaka iagizwe.

Na hiyo herufi T si pambo. T ni fyuzi inayovumilia msukumo wa mwanzo, F ni ya haraka. Transfoma ikiwashwa huvuta mkondo mkubwa kwa kitambo kidogo sana, kwa hiyo ukiweka F mahali pa T inaweza kuungua kila ukiwasha hata kama hakuna ubovu wowote, halafu fundi anakuambia "umeme wa eneo lenu mbaya". Ziko kwenye kifuniko cha chuma cha fyuzi hizo herufi. Kusoma herufi moja nako kunahitaji semina?

Aliyenitoa ni mzee mmoja fundi wa friji, hana hata sare. Cha kwanza aliomba fyuzi zilizoungua. Zote. Bahati nzuri zilikuwa zimetupwa chini ya mashine humo humo. Akazitazama juani, kioo cheusi ti. Akasema hii ni shoti. Mzigo ukizidi kidogo tu, waya huyeyuka katikati na kioo kinabaki kisafi. Kioo kikipakwa masizi au rangi ya fedha, mkondo ulikuja kwa kishindo, usihangaike na mota inayokwama, tafuta waya uliogusa usipopaswa.

Halafu akachomoa plagi ukutani (wale wengine walikuwa wanachokonoa umeme ukiwepo), akaweka mita kwenye kipimo cha mlio (inalia pale tu umeme una njia ya kupita), akagusisha waya wa volti 24 na mwili wa chuma wa mashine. Kimya. Akaanza kuufunga mlango taratibu. Mlango ulipofika nusu, mita ikapiga kelele. Hakuishia hapo, alichomoa soketi za kisoma noti na kisanduku cha sarafu, akarudia, kelele ile ile. Basi si vifaa, ni njia. Kwenye bawaba, pale fungu la waya linapojikunja kila mlango unapofunguliwa kujaza soda, waya mmoja ulishakwanguliwa hadi shaba ikaonekana. Akaunga, akaufunika kwa bomba la plastiki, akalifunga fungu lote mbali na chuma. Muda wa kunywa chai.

Na akanifundisha kwamba ukishatia fyuzi mpya, kabla ya kuwasha, unafunga balbu kubwa ya zamani, ya nyuzi, mfululizo na njia ya umeme wa ukutani, yaani umeme upite kwenye balbu kwanza ndipo ufike kwenye mashine. Kukiwa na shoti balbu inawaka kwa nguvu zote na hakuna kinachoungua. Hujapoteza hata fyuzi moja. Vijana wa kampuni hawakuwa na balbu, walikuwa na boksi la fyuzi, na boksi ndilo linalolipa.

Bado sijamalizana nao. Hizi mashine zimetengenezwa kwa volti 115, hezi 60 (hezi ni mapigo ya umeme kwa sekunde). Wao wameweka transfoma ya kushusha volti wakasema kazi imekwisha. Transfoma haibadilishi hezi! Kompresa ya hezi 60 ukiilisha hezi 50 za huku kwetu kwa volti zile zile inavuta mkondo zaidi, inapata joto, na inazunguka pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita. Ongeza kondensa (sehemu ya kutolea joto) iliyojaa vumbi la barabarani na umeme unaokatika na kurudi hapo hapo kabla presha ya gesi haijatulia. Mtu aliniambia neno hata moja wakati nahesabu pesa? Thubutu.

Kilichonipandisha mori kabisa ni plagi. Huko Marekani, tangu 2005 kanuni zao za umeme zinataka mashine mpya za aina hii ziwe na kikata umeme kinachohisi mkondo unaovuja, kwenye plagi yenyewe au karibu nayo. Yangu ilikuja nacho, lile dude kubwa kwenye waya. Wakalikata wakatupa, wakafunga plagi ya kawaida ya ampea 13, waya wa ethi (unaopeleka ardhini umeme unaovuja) wakaukunja ndani bila kuufunga popote. Fyuzi ya ampea 13 haimlindi mtu, inalinda waya. Watoto wa watu wanatoka kuoga na kandambili, mikono ina maji, wanashika chuma hicho!

Kwa hiyo kampuni, najua mnapita humu: nataka transfoma yangu, na nataka muwapigie wote mliowauzia mwaka huu mkafunge ethi na kurudisha vikata umeme. Mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo jina linawekwa hapa pamoja na picha za ile karatasi ya sigara.

Wadau wenye mashine kama hizi, fyuzi za T4A ambazo si feki mnanunua duka gani?