Picha 412 tu za eksirei zenye majibu, modeli yangu ya TB imekwama. Naomba ushauri

Mwanafunzi_Mbishi: Wakuu, salaam. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni modeli, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano, ya kutambua TB kwenye eksirei za kifua. Picha ninazo 3,000 na ushee, ila zilizosomwa na daktari wa mionzi ni 412 tu. Daktari ni mmoja, na foleni yake mnaijua. Nikaifundisha kutoka sifuri, ikapata 97%, nikajinunulia soda. Juzi nimeijaribu kwa picha 40 za kituo kingine: imepatia 22. Si bora nirushe shilingi? Nitafute picha zaidi?

Kobe_wa_Data: Pole mkuu. Za mafunzo na za mtihani uligawaje, kwa picha au kwa mgonjwa?

Mwanafunzi_Mbishi: Kwa picha. Wagonjwa wengine wana mbili tatu.

Kobe_wa_Data: Tundu ndilo hilo. Mgonjwa yuko darasani na yuko kwenye mtihani. Modeli imekariri mbavu za watu. Gawa upya kwa namba ya mgonjwa, 97 itashuka, usilie. Halafu achana na kuanza sifuri. Chukua modeli iliyokwishafundishwa kwa ChestX-ray14, mkusanyiko wa eksirei za kifua wa Marekani, picha 112,120. Majibu yake yalichotwa na kompyuta kwenye ripoti za madaktari, kwa hiyo yana makosa, ila kwa msingi yanafaa. Za TB zenyewe zipo mikusanyiko ya wazi: wa Shenzhen (China) picha 662, wa Montgomery (Marekani) 138. Gandisha tabaka za chini za modeli, yaani zisibadilike, anza kufundisha tabaka la mwisho tu.

Fundi_Eksirei: Mimi kazi yangu kupiga picha, hesabu nawaachia. Wenye TB na wasio nayo walipigwa kwa mashine moja? Kwetu aliyezidiwa hupigwa kitandani kwa mashine ya magurudumu, na ile herufi ya madini ya risasi inayoonyesha upande wa kushoto au kulia tunaibandika popote panapopatikana nafasi.

Mwanafunzi_Mbishi: Duh. Nimezifungua sasa hivi. Za wodini, ambazo nyingi ni za TB, "L" iko juu ya bega. Za wengine iko chini.

Fundi_Eksirei: Basi inasoma herufi, haisomi mapafu. Kata kingo. Na kama unazigeuza kushoto kulia ili ziwe nyingi, acha: moyo unahamia kulia. Watu wa hivyo wapo, lakini si mia mbili wilaya moja.

Shangazi_Takwimu: Mwanangu, 22 kati ya 40 ni sampuli ndogo, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 40% na 69%. Omba nyingine kituo hicho, na usizifundishie kamwe. Zile ambazo hazijasomwa, ipe modeli izipitie, kisha mpelekee daktari zile inazozisitasitia tu. Chomeka na chache alizokwishasoma bila kumwambia, uone kama anakubaliana na nafsi yake.

Mwanafunzi_Mbishi: Mrejesho, wiki tatu baadaye. Mtihani wa ndani umeshuka hadi 74%, kile kituo kingine 29 kati ya 40. Daktari amekubali picha 50 kila Ijumaa. Kati ya 20 nilizomchomekea, 3 amejipinga mwenyewe. Hajaambiwa bado, natafuta pa kuanzia.